Kazi mradi ya tabianchi darasani: umpime mwanafunzi kwa njia ipi?

Jumatatu moja ya Aprili nilikuwa na madaftari mawili ya kazi mradi mezani. La kikundi cha kwanza liliandikwa: Jumamosi 0, Jumapili 0, Jumatatu milimita 27.5. La kikundi cha pili: Jumamosi na Jumapili hatukusoma, Jumatatu milimita 27, jumla ya siku tatu. Vipimamvua vyao ni chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa shingo, na vilisimama hatua tatu tu kimoja kutoka kingine, kwenye uwanja ule ule. Mvua iliyoingia ilikuwa moja. Kikundi cha kwanza kiliitungia Jumamosi ukavu ambao haukuwepo. Mimi mwenyewe nililowa siku hiyo nikitoka sokoni. Kikundi cha pili kilikuwa kimeelewa kwamba chupa isipomwagwa hujumlisha, na kwamba kutosoma si sawa na kusoma sifuri.

Wiki mbili baadaye vikundi vyote viwili viliwasilisha mbele ya darasa, na cha kwanza kikapata alama kubwa zaidi. Msemaji wake alikuwa na Kiingereza kilichonyooka, karatasi yao ya manila ilikuwa na rangi nne, na grafu yao ilipendeza. Niliwapa 82, wenzao nikawapa 68, kisha kengele ikalia. Jioni nilipoyafungua tena madaftari yale moyo uliniuma, kwa sababu wale waliojifunza jambo la maana zaidi ndio niliowanyima.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya upimaji niliyoweza kuimudu katika kazi mradi hii. Naziweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya mwalimu anayetaka kuchagua, hasa mwenye darasa kubwa na vipindi vya dakika 40.

Kwanza, mazingira yangu, ili ujue yanafanana na yako kwa kiasi gani. Ni Jiografia ya Kidato cha Pili mkoani Tanga, wanafunzi 62 katika vikundi 12, wiki nne ndani ya mvua za masika. Kila kikundi husoma mvua saa 3 asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husoma yao, na joto husomwa mchana. Mwishoni wanajibu swali moja: wiki nne zetu zinatuambia nini kuhusu tabianchi ya Tanga? Jibu sahihi ni kwamba peke yake zinatuambia kidogo sana, kwa sababu Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupima wastani wa tabianchi kwa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kumfikisha mtoto kwenye jibu hilo kwa akili yake mwenyewe, bila kulikariri, ndiyo kazi yote.

Kwa mwenye haraka, jedwali hili:

| Njia | Muda kwa wanafunzi 62 | Inaonyesha vizuri | Inaficha |
|---|---|---|---|
| Jaribio la mwanzo na la mwisho | Saa 3 za kusahihisha, mara mbili | Fikra potofu, maendeleo ya darasa zima | Uaminifu wa vipimo, ushirikiano |
| Uwasilishaji wa kikundi | Vipindi 2 na nusu | Kujieleza, kupanga hoja | Nani alifanya nini |
| Daftari la vipimo | Saa 2 | Namna wanavyofanya sayansi | Uelewa wa sababu za mabadiliko |
| Mahojiano ya dakika tatu | Saa 3 na zaidi | Uelewa wa mtoto mmoja mmoja | Karibu hakuna, ila yanachosha |
| Ramani ya dhana | Kipindi 1, na saa 2 za kusoma | Namna dhana zinavyoungana kichwani | Ustadi wa mikono |
| Kupimana wenyewe | Nusu saa | Anayebebwa na anayebeba | Ukweli, pale urafiki unapoingilia |

Jaribio la mwanzo na la mwisho

Hii ndiyo njia ambayo mkuu wa shule, mkaguzi au mfadhili ataielewa upesi kuliko zote: unauliza maswali yale yale kabla ya mradi na baada yake, kisha unaangalia tofauti. Kwa darasa kubwa haina mshindani kwa uwiano wa kazi na faida. Ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kukariri. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kukuandikia maana ya tabianchi kwa Kiingereza neno kwa neno kutoka kitabuni, halafu nje ya darasa akakuambia tabianchi imebadilika kwa sababu jana kulikuwa na jua kali. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni swali la ngazi mbili, utaratibu ulioelezwa na David Treagust wa Australia mwaka 1988: mwanafunzi anachagua jibu, kisha anachagua sababu. Mfano wangu: Mwaka huu mvua za masika zimechelewa wiki mbili. Je, hilo peke yake linathibitisha kwamba tabianchi imebadilika? Ndiyo au hapana. Sababu: (a) mvua za msimu hutofautiana mwaka hadi mwaka, hivyo tunahitaji kumbukumbu za miaka mingi, (b) mvua huchelewa pale tu watu wanapokata miti, (c) tabianchi haiwezi kubadilika, (d) mvua ikichelewa wiki mbili, hayo tayari ni mabadiliko.

Utashangaa ni wangapi wanachagua "hapana" pamoja na (c). Jibu ni sahihi, sababu ni potofu kabisa. Kwenye jaribio la kawaida mtoto huyo anapata vema na wewe unasonga mbele ukidhani ameelewa.

Mtego wa pili ni hesabu. Aliyepanda kutoka 40 hadi 64 anaonekana amejifunza mara mbili ya aliyepanda kutoka 70 hadi 82. Lakini wa kwanza alikuwa na nafasi ya kupanda alama 60 akapanda 24. Wa pili alikuwa na nafasi ya 30 akapanda 12. Wote wawili wamefunika sehemu nne katika kumi (0.4) ya walichokuwa hawakijui. Mmarekani Richard Hake alitumia hesabu hii mwaka 1998 alipolinganisha madarasa ya fizikia yenye wanafunzi zaidi ya 6,000, na akaona madarasa ya kushirikiana yakipata wastani wa karibu 0.48, ilhali yale ya kusikiliza mhadhara tu yalipata karibu 0.23. Ni hesabu nzuri kwa wastani wa darasa. Usimpangie nayo mtoto mmoja mmoja nafasi darasani, kwa sababu swali moja la kubahatisha linatosha kuipindua.

Uwasilishaji wa kikundi

Nitakuwa mkweli: hii ndiyo njia tunayoipenda zaidi na ndiyo inayopima vibaya zaidi, ikiachwa ilivyo. Kikundi kinamtuma msemaji wake hodari, wengine wanne wanashika pembe za karatasi ya manila. Unachopima ni sauti ya mtu mmoja na mwandiko wa mtu mwingine.

Inaokoleka kwa kura. Vikundi vyote vinajiandaa, na dakika ile ile ya kuanza ninachomoa kikaratasi chenye jina la atakayesema. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivi kulikuwa na manung'uniko. Mwaka uliofuata niliona jambo ambalo sikulitegemea: jioni kabla ya siku ya kuwasilisha, wale wenye uwezo walikuwa chini ya mwembe wakiwafundisha wenzao, kwa sababu yeyote angeweza kuitwa. Kura ile imeleta ushirikiano kuliko hotuba zangu zote kuhusu ushirikiano. Swali moja la nyongeza kutoka kwangu, ambalo halipo kwenye karatasi yao, linamaliza kazi.

Hata hivyo usiupe uwasilishaji alama nyingi. Una thamani yake kama siku ya kufunga mradi, wazazi wakiweza kuja waje. Kipimo kikuu kiwe pengine.

Daftari la vipimo

Hapa ndipo ningemwambia mwalimu mwenye muda mchache aweke nguvu zake.

Daftari ninalolitaka ni la kikundi, si la mtu mmoja, maana madaftari 62 hayasomeki. Lakini kila mstari una jina la aliyesoma kipimo siku ile. Kwa hiyo madaftari 12 yananipa habari za watu 62, na ukurasa mmoja unaniambia nani amekuja mara nane na nani mara moja. Mstari una tarehe, saa halisi ya kusoma (si saa iliyopangwa), milimita, joto, hali ya anga kwa maneno, na nafasi ya maelezo. Nafasi ya maelezo ndiyo ninayoisoma kwanza.

Ukishasoma madaftari ya kutosha unaanza kulitambua daftari lililopikwa. Wino ni ule ule kwa wiki nzima. Joto linapanda na kushuka kwa nusu nyuzi kwa utaratibu ambao anga la Tanga halina. Kila siku imesomwa saa 3:00 kamili, hata ile siku ambayo shule nzima ilikuwa mbio za mchujo. Daftari la kweli lina alama za matone, lina saa 3:07 na 3:20, lina maneno kama "chupa imeangushwa na mpira, hatuna uhakika". Mwaka jana mtoto mmoja aliandika pembeni: "maji ni 31 lakini mdudu ameingia na majani, tumetoa". Kwangu mstari huo una thamani kuliko aya nzima ya utangulizi kuhusu ongezeko la joto duniani.

Ninaangalia mambo matatu tu ninapotoa alama. La kwanza ni uaminifu: sifuri imeandikwa pale tu chupa iliposomwa ikawa kavu, na pengo limeachwa wazi pale ambapo hakuna aliyesoma. La pili ni kuelewa kipimo chenyewe. Ninauliza kwa maandishi, katikati ya mradi, milimita 10 za mvua juu ya bati la nyumba lenye mita za mraba 50 ni lita ngapi. Aliyeelewa kwamba milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba atajibu lita 500 bila kikokotoo. Aliyekuwa akisoma rula tu hawezi. La tatu ni kujikosoa: je, kuna mahali kikundi kimegundua kosa lake? Chupa za dukani zina kitako chenye mikunjo, hivyo usipojaza zege au maji hadi mstari wa sifuri, vipimo vyote vinaanza na kosa. Kikundi kilichogundua hilo siku ya tano na kikaandika kimejifunza zaidi ya kilichoelekezwa na mimi siku ya kwanza. Vivyo hivyo kilichohamisha chupa yake baada ya kuona mwembe unaikinga, kikaeleza kwa nini chombo kinapaswa kukaa mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho.

Udhaifu wa daftari ni kwamba halikuambii kama mtoto anajua kwa nini dunia inapata joto. Unaweza kuwa msomaji hodari wa kipimamvua na bado ukaamini kwamba joto linaingia kupitia tundu la ozoni. Kwa hilo unahitaji kitu kingine.

Ramani ya dhana

Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliibuni katika miaka ya 1970 walipokuwa wakifuatilia namna uelewa wa sayansi unavyokua kwa watoto. Unawapa maneno, wao wanayaunganisha kwa mishale, na juu ya kila mshale wanaandika kitenzi. Mimi hutoa maneno tisa: jua, ardhi, joto, hewa ukaa, misitu, magari, bahari, mvuke, mvua.

Kinachosema ukweli ni kitenzi. Mshale mtupu kutoka hewa ukaa kwenda joto hauniambii kitu. Mshale ulioandikwa "hunasa" unaniambia mtoto anajua kwamba ardhi inatoa joto na hewa ukaa inalizuia lisiondoke lote. Mshale ulioandikwa "hutoboa" unaniambia kwamba tundu la ozoni limo kichwani hata kama sikulitaja. Hiyo ni fikra potofu iliyoenea sana, na inaeleweka inatoka wapi: mambo mawili yamefundishwa kwenye sura moja, yote yanahusu anga na uchafuzi. Ozoni inatukinga na mionzi ya urujuanimno. Kupungua kwake siyo sababu kuu ya joto kuongezeka. Kipindi kimoja cha kurekebisha kinatosha, mradi ulijua kwamba kinahitajika.

Kwa sababu hiyo naitumia mwishoni mwa wiki ya pili, wakati bado kuna muda wa kufundisha upya. Siipi alama. Nilijaribu kuipa alama kwa kuhesabu mishale sahihi, nikaona watoto wanajaza mishale kama utando wa buibui ili wapate alama. Toa maoni, chora duara jekundu kwenye kitenzi kimoja, rudisha. Kila mtu achore yake kwanza kwa dakika kumi, ndipo kikundi kichore ya pamoja. Ukianza na ya pamoja unapata kichwa cha mtu mmoja mara tano.

Mahojiano ya dakika tatu

Wanafunzi 62 kwa dakika tatu ni dakika 186, yaani zaidi ya vipindi vinne na nusu. Walimu wengi wanaishia hapo, na nawaelewa. Naomba tu usiifute njia hii kabla hujasoma mistari inayofuata.

Sifanyi yote siku moja. Nasimama kwenye chupa saa 3 asubuhi, wasomaji wa zamu wanakuja, nazungumza na wawili au watatu, siku inayofuata wengine. Kwa wiki nne inawezekana kumfikia kila mtu bila kugusa kipindi, isipokuwa wale wasiokuja zamu. Hao nao majina yao tayari yapo, au tuseme hayapo, kwenye daftari.

Maswali yangu ni matatu. Nionyeshe siku moja daftarini ambayo unaitilia shaka. Kikundi chenu kilibishana kuhusu nini? Ungekuwa umeisoma chupa hii kwa miaka thelathini, ungeweza kusema nini ambacho leo huwezi? Swali la kwanza halina jibu la kukariri. La pili linatambua abiria papo hapo, maana ambaye hakuwepo hajui ubishi ulikuwa wa nini.

Na nauliza kwa Kiswahili. Najua masomo ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza na mtihani utakuwa kwa Kiingereza. Kila mwalimu niliyemweleza jambo hili amenikumbusha. Lakini ninachotafuta dakika ile ni kama ameelewa, na lugha ya kigeni inaniziba macho. Kuna binti ambaye kwenye jaribio aliacha wazi swali la tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi. Pale kwenye chupa aliniambia: "Mwalimu, wiki hii imenyesha sana, lakini Aprili huku huwa inanyesha hivi hivi. Sasa hatuwezi kusema imebadilika." Nilimwomba arudie.

Angalia alichofanya. *Imenyesha* ni hali ya hewa. *Huwa inanyesha* ni tabianchi. Kiswahili kimeiweka tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, na mtoto anayesema Kiswahili nyumbani anayo tayari kinywani kabla hajafika kwangu. Siku hizi nafundisha kwa mlango huo: leo mvua imefanya nini, na mwezi huu mvua huwa inafanya nini? Na ninapomsikiliza mtoto nasikiliza kitenzi. Akichanganya *imenyesha* na *hunyesha* pale ambapo hoja inahitaji kutenganisha, najua bado. Baada ya maongezi namwomba aandike sentensi moja ya Kiingereza yenye maana ile ile, na hapo nasahihisha Kiingereza kama Kiingereza. Kwa hiyo mtihani haujasahaulika.

Kwa darasa la watoto 30 au pungufu, hii ndiyo ningeifanya kipimo kikuu bila kusita. Kwa darasa la 90, chukua mmoja kutoka kila kikundi kwa kura, na umweleze kila mtu mapema kwamba kura inakuja.

Kupimana wenyewe

Kwa ufupi. Kila mwanakikundi anapewa pointi 20 za kuwagawia wenzake wanne kwa siri, bila kujipa mwenyewe. Faida yake ni kwamba kikundi kinajua kile ambacho mwalimu hawezi kukijua. Hasara yake ni kwamba watoto wetu hawapendi kumwaibisha mwenzao, na wengi watagawa tano tano kote. Kiranja naye hupata zaidi kwa kuwa ni kiranja. Zichukue kama fununu. Ukiona watu wanne wamempa mmoja pointi moja moja, mfuate umwulize kwa upole: mara mbili nimekuta sababu ilikuwa safari ndefu ya asubuhi ambayo haikumruhusu kuwahi zamu, wala haukuwa uvivu. Sikubaliani na walimu wanaozidisha alama ya kikundi kwa pointi hizi ili kupata alama ya mtu. Ni mzigo mzito mno kuuweka mikononi mwa mtoto wa miaka 15.

Rubriki ni ya nini basi

Wengi huuliza kama rubriki ni njia nyingine. Rubriki ni rula unayopimia, yaani orodha ya vigezo na viwango vya kila kigezo; inatumika na daftari, na uwasilishaji, na mahojiano. Wenzetu wa Kenya wameizoea kupitia mtaala wa umilisi, ambao una viwango vinne kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa chini ya matarajio. Sisi pia tunaielekea, kwa kuwa mtaala wetu ulioboreshwa wa 2023 unasisitiza umahiri.

Shida ya rubriki nyingi ninazoziona ni maneno yasiyopimika: "ameonyesha uelewa mzuri", "ameonyesha uelewa mzuri sana". Hapo walimu wawili hawatakubaliana kamwe. Kwa kigezo cha kusoma mvua, yangu imeandikwa hivi. Kiwango cha juu: anasoma usawa wa jicho, anaandika saa halisi, anatenganisha sifuri na pengo, na anaeleza kosa linaloweza kuwepo. Kinachofuata: anafanya hayo yote isipokuwa kueleza kosa. Kinachofuata: anasoma sawasawa lakini anachanganya sifuri na pengo. Cha chini: anasoma kutoka juu au anaandika bila kusoma. Mwalimu yeyote akisimama karibu na chupa atatoa kiwango kile kile. Ipe darasa rubriki siku ya kwanza, ibandikwe ukutani. Hakuna cha kuficha ndani yake.

Uchague ipi

Kama unahitaji ripoti kwa mtu wa nje ya darasa, beba jaribio la mwanzo na la mwisho, lenye maswali ya ngazi mbili yasiyozidi kumi. Kama unataka kujua ufundishe nini wiki ijayo, ramani ya dhana. Kama una muda wa njia moja tu na unataka kujua watoto wanafanya sayansi au wanaigiza sayansi, daftari lenye majina. Shule yako ikiwa imejiunga na mpango wa GLOBE, wa kimataifa wa wanafunzi kupima mazingira, uliotangazwa Marekani mwaka 1994 na wenye shule Kenya na Tanzania, daftari lina uzito zaidi, maana vipimo vya watoto vinaingia kwenye kumbukumbu zinazotumiwa na wengine. Kumbuka tu kwamba taratibu zao za joto la kila siku zinahitaji usomaji ndani ya saa moja ya utosi wa jua, na Tanga jua hufika utosini wastani wa saa 6:24 mchana, si saa 6 kamili. Vikundi vikiligundua hili vyenyewe kwa kivuli cha kijiti, vipe alama.

Mgawanyo ninaoutumia sasa, katika 100: daftari 30 na uwasilishaji 10 kwa kikundi, jaribio 30 na mahojiano 30 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo 40 ni za pamoja, 60 za mtu binafsi. Nilianza na 100 za kikundi, nikashuka hadi 70, na kila niliposhuka malalamiko yalipungua. Sijashuka chini ya 40 kwa sababu mtoto akiona kazi ya pamoja haina alama yoyote ya pamoja, anaacha kumngoja mwenzake.

Kuhusu madaftari yale mawili: niliwaita kikundi cha kwanza siku ya pili yake, nikawaonyesha ukurasa wa wenzao bila kusema neno. Msemaji wao alitazama, akatazama tena la kwao, kisha akaomba wino mweupe. Nikamwambia hapana. Mwangalizi wa hali ya hewa hafuti. Anapiga mstari mmoja ili kilichoandikwa kisomeke, anaandika kilicho sahihi pembeni na kutia jina lake. Alipiga mistari miwili juu ya sifuri zake mbili, akaandika "hatukusoma", akatia jina. Wenzake wanne wakaniuliza kama nao waandike majina yao pale pale, na nikawaruhusu.